Meya, Tumbili, na Muziki wa Siku za Joto

Liko swali ambalo waalimu na wazazi huulizana mara kwa mara: Ikiwa watu wanapenda muziki fulani, na muziki huo umechanganyika na mambo yasiyofaa, mwenye mamlaka afanye nini? Wengine husema, "Na ukatazwe wote." Wengine husema, "Waacheni, ndiyo furaha yao." Nami naona kwamba wote wawili hujibu upesi mno.

Swali hili halikuanza katika vijiji vyetu. Kwa hiyo mwezi huu nataka kuwasimulia habari za mkuu wa mji mmoja mkubwa sana, mtu aliyependa muziki tangu utoto wake. Alikataza muziki mara moja akiwa na sababu njema. Na mara nyingine, katika siku za utawala wake, mji wake ulifunga nyumba ya muziki kwa njia iliyowachoma watu moyoni. Jina lake Fiorello La Guardia, Meya wa New York katika nchi ya Marekani tangu Januari 1934 hata mwisho wa 1945. Meya ni mkuu wa mji asiyerithi cheo chake kwa baba, bali huchaguliwa na watu kwa kura. Na wasipomtaka tena, humwondoa kwa kura zile zile.

Mtoto wa mkuu wa bendi

La Guardia alizaliwa New York tarehe 11 Desemba 1882. Baba yake, Achille, alikuwa Mtaliani. Mama yake, Irene, alikuwa Myahudi wa mji wa Trieste. Jina Fiorello kwa Kitaliani maana yake ni ua dogo, na kweli alikuwa mtu mfupi. Lakini sauti yake ilikuwa kali, na hasira yake ilijulikana mji mzima.

Baba yake alikuwa mkuu wa bendi katika jeshi la Marekani, bendi ya tarumbeta na ngoma, kama zile ambazo watu wa beni wa pwani yetu walikuja kuziiga. Kwa hiyo mtoto alilelewa katika kambi za askari, hasa huko Prescott, katika nchi kavu ya Arizona. Baba alimfundisha kupiga tarumbeta, na watu husema alikuwa mwalimu asiyesamehe kosa.

Siku moja, mtoto akiwa na umri wa miaka yapata 10, Mtaliani maskini aliingia mjini na kinanda chake, kinanda cha sanduku kitoacho sauti kwa kuzungushwa kwa mkono. Alikuwa na tumbili wa kuchekesha watu na kupokea senti. Watoto wakamzunguka kwa kelele. Kisha wakamgeukia Fiorello, wakamwita kwa jina la matusi waliloitwa Wataliani, wakamwuliza: Wewe nawe si Mtaliani? Tumbili wako yuko wapi?

Mtoto akaumia sana. Na jambo likazidi, maana baba yake alitokea papo hapo, akaanza kuongea na yule maskini kwa lugha ya kwao. Alikuwa hajaisema siku nyingi, akafurahi. Labda alimwona pia kuwa mpiga muziki mwenzake. Akamkaribisha nyumbani kwake, ale naye makaroni. Basi watoto walimcheka Fiorello muda mrefu. Hayo aliyaandika mwenyewe katika kitabu cha maisha yake, kilichotolewa 1948, yeye akiwa amekwisha kufa.

Tafadhali msomaji, mkumbuke mtoto huyu na tumbili yule, kwa maana tutawahitaji mbele.

Siasa, kwa maoni yake

Mwaka 1898, Marekani ilipopigana na Uspania, baba yake aliugua kwa kula nyama mbovu ambayo wafanya biashara waliwauzia askari. Hakupata nguvu zake tena. Kijana hakusahau. Alipochaguliwa mara ya kwanza kuingia katika Bunge la Marekani, mwaka 1916, mswada wake wa kwanza ulikuwa wa kuwaadhibu vikali watu wanaouzia jeshi vyakula na vifaa vibovu.

Kabla ya hapo alifanya kazi katika ofisi za balozi wa Marekani huko Ulaya, akajifunza lugha nyingi. Kisha, tangu 1907 hata 1910, alikuwa mkalimani katika kisiwa cha Ellis, mlango wa bandari ya New York, ambako wageni maskini walipimwa na kuulizwa maswali kabla ya kuruhusiwa kuingia. Wengine walirudishwa walikotoka. Mchana alitafsiri machozi ya watu, jioni alisoma sheria, hata akawa wakili.

Kwa hiyo siasa kwake haikuwa mchezo wa maneno. New York ilikuwa imetawaliwa miaka mingi na kundi la wakubwa wa chama lililoitwa Tammany Hall. Kazi za mji zilitolewa kwa marafiki, na fedha za watu zilipotea. Mwaka 1932 Meya aliyekuwapo, James Walker, alijiuzulu kwa sababu ya uchunguzi wa rushwa. Mwaka uliofuata watu wa vyama mbalimbali walipatana, wakamchagua La Guardia. Yeye alishikilia kwamba hakuna njia ya chama hiki wala ya chama kile ya kufagia barabara: taka ni taka, na mwenye kuifagia vizuri ndiye afaaye. Katika mwaka wake wa kwanza alionekana akivunja mashine za kamari kwa nyundo kubwa, mbele ya wapiga picha. Alipenda kuonekana, hilo hatulifichi. Lakini alifanya kazi pia.

Siku za joto

Katika nchi ile miezi ya Juni, Julai na Agosti ni ya joto kali. Wakati huo nyumba za maskini wa New York zilikuwa zimebanana, vyumba vidogo, jamaa kubwa. Usiku watu walipanda kulala juu ya mapaa, au kwenye ngazi za chuma zilizo nje ya madirisha. Mji ulikuwa na watu zaidi ya milioni 7 kwa hesabu ya mwaka 1940. Matajiri waliondoka kwenda pwani au milimani, maskini walibaki.

La Guardia aliona kwamba mji unajulikana ulivyo wakati wa joto, maana ndipo maskini asiye na pa kwenda huuliza: Je, mji huu ni wangu nami? Mwaka 1936, katika majira hayo, mji ulifungua mabwawa 11 makubwa ya kuogelea. Mwaka huo huo Meya alihamisha ofisi yake kwa muda, akaipeleka katika nyumba ya zamani ndani ya bustani ya Pelham Bay, mbali na katikati ya mji, ili afanye kazi karibu na watu wa upande ule.

Na muziki je? Hapa ndipo habari ya tumbili inaporudi.

Wapiga vinanda vya kuzungusha walikuwa wengi New York miaka mingi, wakienda njia kwa njia, watoto wakiwafuata. Mwaka 1935 Meya aliamuru wasipewe leseni tena. Watu wengi wakanung'unika: Mpenda muziki gani huyu anayewanyima maskini muziki?

Sababu zake zilikuwa hizi. Kwanza, vinanda vingi havikuwa mali ya wapigaji, bali vya matajiri waliowakodisha kwa bei ya kuwanyonya. Leseni ile, kwa maoni yake, ilikuwa leseni ya kuomba tu. Pili, barabara zilikuwa zimejaa magari, na watoto waliokusanyika katikati ya njia walikuwa hatarini. Tatu, zamani kinanda kile kilikuwa njia pekee ya watu wengi kusikia muziki, lakini sasa redio ilikuwako, na santuri, na muziki wa bure katika bustani.

Amesimulia kwamba bibi mmoja alimkemea karamuni kwa kumwondolea mpiga kinanda wake ampendaye. Meya akamwuliza anakaa wapi. Akajibu, Park Avenue, ndiyo njia ya matajiri. Orofa ya ngapi? Ya 14. Basi. Wahenga wetu wamesema kwamba kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Bibi yule alisikia kinanda kutoka juu, kikiwa kitamu kwa umbali. Hakumwona mtoto anayekwepa gari, wala hakuiona hesabu ya mpigaji na tajiri wake jioni.

Lakini La Guardia alikiri neno jingine, nami namheshimu kwa kulikiri. Alisema kwamba hakuwapenda wapiga vinanda tangu siku ile alipochekwa kule Prescott. Sababu za barabara na za kodi zilikuwa za kweli. Ila nyuma yake palikuwa na mtoto wa miaka 10 aliyeona haya.

Alichokiweka mahali pake

Lililo kubwa ni kwamba hakuondoa tu. Tangu 1918, wakati wa joto, bendi ya Edwin Franko Goldman ilikuwa ikipigia watu bure nje, na baadaye iliendelea hivyo katika bustani kubwa ya katikati ya mji. Mwaka ule ule wa 1918 palianza muziki wa usiku katika kiwanja cha mawe kilichoitwa Lewisohn Stadium, karibu na Harlem, mtaa wa watu weusi. Watu maelfu waliketi chini ya nyota. Mwenye senti 25 alipata mahali pa kuwasikia wapiga muziki wakubwa kabisa. Ndipo hapo Agosti 1925 Marian Anderson, mwimbaji mweusi aliyeanza kuimba katika kwaya ya kanisa lao la Kibatisti, aliposimama kuimba na wapiga muziki wa Philharmonic, baada ya kuwashinda waimbaji wengi katika shindano. Muziki wa kiwanja kile uliendelea hata 1966. Kiwanja chenyewe kilibomolewa 1973.

Hayo La Guardia aliyakuta, akayaunga mkono. Na tangu 1935, katika siku za ukosefu mkubwa wa kazi, serikali ya Marekani ililipa mishahara wapiga muziki wasio na kazi, wawapigie watu na kuwafundisha. Naye Meya aliongeza yake. Mwaka 1936 alianzisha shule ya serikali kwa vijana wenye vipawa vya muziki na kuchora, wasome bila kujali kwamba wazazi wao ni maskini. Aliihesabu kuwa katika kazi zake bora. Redio ya mji, WNYC, ambayo mwanzo alitaka kuifunga ili kupunguza gharama, aliiacha iishi, ikawaletea watu muziki mzuri nyumbani. Na Desemba 1943 alifungua City Center, jumba ambalo mji ulikuwa umelichukua kwa deni la kodi, liwe mahali pa muziki na michezo ya kuigiza kwa bei nafuu. Mara nyingine alishika mwenyewe kijiti cha kuongoza bendi, mtoto wa mkuu wa bendi.

Nyumba iliyofungwa

Kama habari ingekoma hapa, ningewapa picha ya mtu mwema tu. Haikomi hapa.

Katika Harlem palikuwa na ukumbi wa dansi ulioitwa Savoy, uliofunguliwa 1926. Ulikuwa na sifa moja iliyokuwa adimu Marekani siku zile: watu weusi na wazungu walicheza humo pamoja, sakafu moja, bila kutengwa. Aprili 1943, wakati wa vita, ukumbi ule ulifungwa. Wakuu wa jeshi na polisi walisema kwamba askari walipata maradhi ya zinaa kwa wanawake waliokutana nao humo.

Watu wa Harlem hawakukubali. Waliuliza kwa nini kumbi na hoteli za wazungu hazikufungwa kwa sababu ile ile. Walisema kwamba kosa la Savoy halikuwa maradhi, bali wazungu na weusi kucheza pamoja. Gazeti la Adam Clayton Powell lilieneza malalamiko hayo. Naye Powell hakuwa mtu wa anasa asiye na dini. Alikuwa mchungaji wa kanisa kubwa la Kibatisti la Abyssinian, na mwaka 1941 alichaguliwa kuwa diwani wa kwanza mweusi wa mji ule.

Meya alikuwa na njia ya kujua uchungu wa mtaa ule. Baada ya ghasia za Machi 1935 alichagua tume ya watu weusi na wazungu ichunguze chanzo chake. Tume ikaeleza mambo ya nyumba mbovu, ya kunyimwa kazi, na ya ukali wa polisi. Lakini Meya hakuichapisha taarifa ile. Gazeti la watu weusi, Amsterdam News, ndilo lililoichapisha mwaka 1936.

Tarehe 1 Agosti 1943, usiku wa joto kali, polisi mzungu alimpiga risasi askari mweusi katika hoteli moja ya Harlem. Askari hakufa, lakini uvumi ulienea kwamba amekufa. Ghasia zikalipuka; watu sita wakafa, mamia wakaumia, maduka yakavunjwa. La Guardia alikwenda mwenyewe mitaani usiku ule pamoja na viongozi weusi, akasema na watu kwa redio mara kadha, akawaonya polisi wasitumie nguvu kupita kiasi. Wengi walimsifu kwa hayo, na kwa haki. Savoy ulifunguliwa tena mwezi wa Oktoba.

Sisemi kwamba kufungwa kwa ukumbi ndiko kulikoleta ghasia. Uchungu wa Harlem ulikuwa na mizizi mirefu kuliko hiyo. Nasema hili tu: wapiga vinanda walipoondolewa, Meya alisimama chini barabarani, akaona anayeumia na anayenyonywa, tena akawa na kitu cha kuwapa watu badala yake. Savoy ulipofungwa, serikali yake ilisimama orofa ya 14, kama bibi yule. Ilikiona kitanda, haikuwauliza wanaokilalia.

Na sisi je?

Ndugu waalimu, tusimhukumu Meya huyu aliyelala mwaka 1947, kabla hatujajitazama. Wengi wetu tumefunga ngoma. Ziko zilizostahili, zenye ulevi na uzinzi ndani yake, nasi hatujuti. Lakini pengine tulifagia kwa ufagio mmoja ngoma ya mavuno, na nyimbo za kubembelezea watoto, na nyimbo za kulimia.

Nami niseme langu. Nilipotoka chuoni, kijana mwenye koti jipya, wazee wa kwetu walipiga ngoma ya mavuno siku wageni wa misioni walipopita. Niliona haya hata nikatamani ardhi inimeze. Kesho yake nikawakataza Wakristo wasiikaribie tena, nikitaja jina la Kristo. Baada ya miaka mingi ndipo nilipojiuliza: Je, siku ile nililinda jina la Kristo, au koti langu? Mzee mmoja aliyejua nyimbo zile zote alikufa bila kumfundisha mtu. Na vijana hawakuja kwenye tenzi zetu kama nilivyotumaini. Jioni za Jumamosi walikwenda kilabuni, ambako pia hupigwa muziki. Bwana wetu alisimulia habari za nyumba iliyofagiwa ikaachwa tupu, nanyi mwajua ni nani waliorudi kukaa ndani yake.

Basi, kabla hujakataza, jiulize mambo haya. Je, hili ni dhambi kweli, au ni haya yangu tu? Umekwenda kuketi na wanaolipenda, au umelisikia kwa mbali? Na siku ya kuliondoa, utaweka nini mahali pake jioni ile ile, si mwaka ujao? Kama huna kwaya, wala hadithi, wala mchezo wa mwezi, wala mlango wa nyumba yako kuwa wazi kwa vijana, basi ngoja kwanza, uandae.

Namkumbuka tena baba yake Fiorello, ambaye hakuwa Meya wala mchungaji. Wote walimwona mtu na tumbili. Yeye alimwona mwenzake, akasema naye kwa lugha ya kwao, akampeleka mezani. Mwanawe aliona haya kwa ajili ya tendo lile, lakini alipokuwa mzee bado alilikumbuka, akaliandika. Jumamosi hii, wakati ngoma inapolia ng'ambo ya mto, mmoja wetu angeweza kwenda kumwalika mpigaji wake aje ale chakula nyumbani. Maneno ya kukataza, kama yapo, yatasemwa vizuri zaidi baada ya kunawa mikono pamoja.